Mashine Zetu Hufa kwa Kiu

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita palizuka ubishi juu ya mashine ya nafaka ya jiko la shule. Kwa faida ya wale ambao hawakuwapo, ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Mahindi ya chakula chetu hupelekwa kila juma kusagwa huko senta, na mpunga wa shamba la shule nao hupelekwa kukobolewa, na gharama ya kazi hiyo pamoja na ya kubeba yawachosha wazazi. Wote walikubali ya kuwa yafaa shule iwe na mashine yake. Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Wengine walitaka inunuliwe iliyotoka ng'ambo. Wengine walitaka iundwe papa hapa Lamadi na mafundi wetu, nasi wanafunzi tusaidie kupima na kuchora. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Mashine ya kuchomelea haioni mavuno ya pili." Watu wakacheka, na mkutano ukafungwa bila ya shauri kukatwa.

Mimi sikucheka. Nimelelewa na mjomba wangu, ambaye ana mashine ya kukoboa na kusaga, na tangu nilipokuwa darasa la nne kazi yangu siku za likizo imekuwa kufagia pumba na kumshikia fundi taa anapofungua beringi. Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu wangu ruhusa niseme ninavyoona. Naona mzee yule alisema kweli juu ya mashine nyingi, ila kisa chake hakukitaja. Mashine zinazoundwa kwetu hazifi kwa ubaya wa chuma, wala kwa fundi kutojua kuchomelea. Hufa kwa kiu. Zimeundwa na mtu aliyefikiri kwanza habari za nyundo, kisha chekecheke, kisha rangi. Na mwisho kabisa, mashine imekwisha simama kando ya barabara ikingoja mnunuzi, ndipo akakumbuka kwamba inataka mahali pa kutilia grisi.

Shauri langu basi ni kwamba mashine ya shule tuiunde wenyewe, lakini kwa sharti: njia ya mafuta ichorwe kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana wenzangu wengi huiona mashine ikizunguka wasijue inazunguka kiasi gani. Mota ya umeme ya namna iliyozoeleka huzunguka yapata mara 1,440 kwa dakika. Tukiweka puli ya inchi 10 kwenye mota na ya inchi 4 kwenye shafti ya nyundo, shafti itazunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde moja. Ikiwa duara la nyundo lina upana wa sentimeta 40, basi ncha za nyundo hukata hewa kwa mwendo wa mita 75 kwa sekunde. Ni zaidi ya kilometa 270 kwa saa. Hakuna basi la Mwanza kwenda Musoma lililopata kupita hapa kwa mwendo huo, ingawa madereva wengine hujaribu. Kwa siku moja ya kazi ya saa 8, shafti huwa imezunguka mara 1,728,000. Uzito wa nyundo, mvuto wa mkanda na kishindo cha kila punje, vyote hivyo vyaegemea gololi chache zilizo ndani ya beringi mbili. Na baina ya gololi na njia yake hapana kitu kinachozuia chuma kisile chuma ila utando wa mafuta, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Utando huo ukikatika, dakika chache zatosha kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Huwa twaona kazi ya kutia mafuta ni ya mtoto, au ya kijana asiyejua kazi nyingine. Alikuwako mtu mmoja, jina lake Elijah McCoy. Wazazi wake walikuwa watumwa huko Kentucky, Marekani, wakatoroka hata Kanada, na huko ndiko alikozaliwa, yapata mwaka 1844. Walimpeleka Uskoti kujifunza uhandisi wa mitambo. Aliporudi na kuomba kazi katika reli ya Michigan, hawakumpa kazi ya uhandisi kwa kuwa alikuwa mtu mweusi. Walimpa koleo la makaa na kopo la mafuta. Siku zile garimoshi lilikuwa likisimama kila mara ili mtu ashuke akaitie mafuta mitambo yake kwa mkono. McCoy alijiuliza kwa nini mashine isijinyweshe yenyewe huku inakwenda. Mwaka 1872 akapata hati ya uvumbuzi wa chombo cha kudondoshea mafuta ndani ya injini bila ya kuisimamisha, na kabla ya kufa kwake mwaka 1929 alikuwa na hati zaidi ya 50. Yeye hakuvumbua injini. Alivumbua njia ya mafuta, na hiyo ndiyo iliyoruhusu injini ya mtu mwingine kwenda mbali.

Miaka 11 baada ya hati ile ya kwanza, yaani 1883, lilitokea huko Uingereza jambo ambalo ningependa kila fundi wa Lamadi alijue, maana lahusu tundu anazotoboa kila siku. Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa ekseli za namna ya mabehewa ya reli. Shafti yake ilizunguka huku upande wa chini umezama katika mafuta, na juu yake pamekalia shaba iliyobeba mzigo. Akatoboa tundu katikati ya shaba ile, juu kabisa, ili atilie mafuta kama ilivyokuwa desturi. Shafti ilipozunguka, mafuta yalipanda kupitia tundu yakamwagika nje. Akaziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa kikatoka. Akapigilia kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga kipimo, kilipanda kikapita ratili 200 kwa inchi ya mraba. Kumbe shafti inayozunguka huyavuta mafuta yenyewe na kuyapenyeza chini ya mzigo, hata ikawa yaelea juu yake. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hesabu, na hesabu zake zatumika hata leo.

Sasa tulete jambo hilo mashineni kwetu. Kinu cha kukobolea mpunga huzunguka polepole kuliko nyundo za kusagia, na waweza kukiwekea bushi za shaba badala ya beringi za gololi. Fundi hutoboa tundu la mafuta pale mkono unapofika kwa urahisi, na mara nyingi ni upande wa mbele, ulioelekea mota au injini. Lakini mkanda huvuta shafti kuelekea huko huko kwenye mota. Upande huo wa bushi ndio uliobeba mzigo, na tundu likiwa hapo mafuta hayatakaa. Yatasukumwa nje kama yalivyomsukumia Tower kizibo chake, na utando utakatika mahali unapohitajiwa zaidi. Msagaji huona mafuta yakitiririka, naye hufurahi akidhani mashine imeshiba. Tundu lapasa kuwa upande wa pili, mkabala na mvuto. Kwa hiyo huwezi kujua pa kutoboa mpaka ujue mota itakaa wapi, na huwezi kujua mota itakaa wapi mpaka ujue chumba chenyewe kina mlango na dirisha upande gani. Hiyo ndiyo sababu nasema mchoro kwanza.

Pana jambo la vumbi pia, nalo kwetu ni zito kuliko vitabu vinavyosema. Kiangazi, mbuga za udongo mweusi zatuletea vumbi mpaka ndani ya sahani. Ziwa nalo liko karibu, na upepo wa Ghuba ya Speke huja na unyevu. Juu ya hayo, mashine yenyewe hutoa unga kila penye upenyo. Unga ukiingia katika grisi hugeuka kama ugali wa jana: mgumu, mkavu, usiopita popote. Nimeona beringi iliyofunguliwa ikiwa imejaa kitu hicho tele, na mwenyewe akiapa kwamba hakuacha kutia grisi hata juma moja. Alikuwa mkweli. Grisi iliishia mlangoni, maana ndani palikuwa na ugali.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi, ila yahitaji kufikiriwa mapema. Beringi isikae imebanana na ukuta wa sanduku la kusagia. Ikae mbali nalo, walau vidole vinne, na katika nafasi hiyo shafti ivikwe kisahani cha bati kinachozunguka nayo. Unga unaovuja kando ya shafti utakutana na kisahani, utarushwa, utaanguka chini. Na grisi ikivuja kutoka upande wa pili, nayo itarushwa ianguke chini. Hapo tumeokoa beringi kutokana na unga, na unga kutokana na grisi. La pili ndilo kubwa. Anayekula ugali haoni yaliyopita mashineni. Ziko grisi maalumu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za vyakula, na anayeweza kuzipata azinunue. Lakini kwa sisi wengine nafasi ya vidole vinne na kipande cha bati ni ulinzi ambao hauishi dukani.

Hapa sina budi kusema neno juu ya oili chafu, hata kama litawaudhi baadhi ya wazee wangu. Oili iliyomwagwa kutoka injini za magari na pikipiki hupatikana kwa bei ndogo au bure, na wapo wanaoitumia kulainishia kila kitu kizungukacho. Oili hiyo ina masizi, ina vumbi la chuma lililokwanguliwa ndani ya injini, ina mabaki ya kuungua. Kumpa beringi oili chafu ni kumnywesha mgonjwa maji aliyooshea miguu. Na kuiweka karibu na unga wa watoto ni jambo ambalo sipati neno la heshima la kuliitia. Mashine ya shule isiione kabisa.

Wengine, kwa kuogopa kiu, huzidisha. Hujaza grisi mpaka itoke kila upande, wakidhani wameitendea mashine hisani. Beringi iliyojazwa mno hupata joto, kwa sababu gololi hulazimika kuikoroga grisi ile huku shafti ikizunguka mara 60 kwa sekunde. Joto huiyeyusha, mafuta yake huvuja, na kinachobaki ni sabuni kavu. Theluthi moja hata nusu ya nafasi iliyo ndani yatosha. Mafundi wa beringi wana kanuni rahisi ya kuongezea: zidisha kipenyo cha nje kwa upana, vyote kwa milimeta, kisha zidisha kwa 0.005, utapata gramu. Beringi ya shafti ya milimeta 40 yenye kipenyo cha nje cha 80 na upana wa 18 hutaka gramu 7 na kitu, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Na pampu ya grisi hutoa gramu ngapi kila ikibanwa? Usimwulize mtu. Bana mara 10 juu ya karatasi, pima kwa mizani ya maabara, gawa kwa 10. Joto nalo lapimwa kwa mkono: zima mashine, ingoje isimame, shika nyumba ya beringi, kama huwezi kuvumilia kuhesabu hata tano, kuna neno.

Mkanda uliokazwa mno huua beringi hata kama grisi ni nzuri. Nyundo zisizolingana uzito nazo hivyo hivyo. Kila mbili zinazoelekeana zipimwe kwenye mizani kabla ya kufungwa. Hayo mafundi wetu wengi wayajua, sitayarefusha.

Lakini liko moja ambalo silioni katika mashine nyingi. Mahali pa grisi pakiwa pagumu kufikiwa, hapatatiwa grisi. Si uvivu. Wakati wa mavuno kina mama wamepanga madebe na ndoo tangu alfajiri, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni, na msagaji atakayewaambia, "Ngojeni nifungue kikinga mkanda nitie grisi," atasikia maneno. Basi huacha mpaka jioni, na jioni amechoka. Au, vibaya zaidi, hukiondoa kikinga mkanda kabisa ili asisumbuke, na mkanda ukabaki wazi mahali ambapo watu wamevaa kanga na khanzu. Kwa hiyo beringi ziletewe vijibomba vya shaba, viishie pamoja mbele ya mashine, nje ya kikinga, kwenye kimo cha kifua cha mtu. Msagaji azime, aende na pampu, abane mara anazopaswa, awashe. Kazi ya dakika mbili, na kikinga hakikuguswa. Vijibomba hivyo havina gharama kubwa. Lakini ukivikumbuka baada ya kikinga kuchomelewa, utalazimika kukata upya.

Najua watakaonijibu kwamba mashine ya ng'ambo huja na hayo yote yamekwisha fikiriwa. Ni kweli, nayo yanafaa kuigwa. Injini za Lister za Dursley, Uingereza, zilizozungusha mashine nyingi za kusagia Afrika Mashariki kwa mizunguko 650 tu kwa dakika, zilidumu miaka mingi, na mifano yake huundwa India hata sasa. Aliyezichora alijua zitakwenda mikononi mwa watu walio mbali na duka la vipuri. Lakini mashine ya ng'ambo ikivunjika kitu kisicho na kipimo cha kawaida, mwenyewe hungoja. Ile tuliyoichora wenyewe itachukua beringi iliyo katika duka lolote la vipuri, kwa sababu tuliichagua tukiwa tumesimama mbele ya duka hilo. Tena hatuanzi gizani. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa kazi za namna hii. TEMDO ya Arusha iliundwa mwaka 1980 kuchora mitambo, na CAMARTEC, huko huko Arusha, mwaka 1981 kwa zana za kilimo na za vijijini. Shule inayoandika barua yenye vipimo na maswali yaliyonyooka yaweza kupata jibu. Inayouliza tu, "Tusaidieni mashine," sijui.

Na tusidharau vya kwetu. Mikokoteni ya ng'ombe yenye beringi za mti mgumu uliochemshwa katika mafuta imepata kutembea nchini humu. Mti ulibeba mzigo kwa sababu aliyeuweka aliyashibisha mafuta kwanza, ndipo akaupa kazi.

Kwa jiko letu, nashauri yafuatayo yaamuliwe kabla fedha haijachangwa: chumba, mahali pa mota, na nani atatia mafuta. Hili la tatu wengi wataliona dogo. Mimi ningetaka pawe na daftari lililofungwa kwa kamba ukutani, na kila kidato kiwe na juma lake. Mtu aandike tarehe, amebana pampu mara ngapi, na mkono ulivumilia kuhesabu hata ngapi. Beringi ikianza kuwa mgonjwa, daftari litasema kabla haijapiga kelele, na sisi tutakuwa na hesabu za kweli za kufanyia kazi katika fizikia badala ya zile za kitabuni za treni mbili zinazokutana.

Mchoro wangu wa kwanza umebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na maktaba. Mota nimeiweka upande wa kushoto, kwa sababu stoo ya jiko ina dirisha upande huo na pumba zitatolewa kulia. Kwa hiyo tundu la bushi za kukobolea liko kulia. Kama wazazi wataamua mashine ikae katika lile banda la zamani badala ya stoo, mota itahamia kulia na tundu lazima lihamie kushoto. Nimechora kwa penseli. Fundi yeyote atakayeona kosa alisahihishe pale pale, ila namwomba aandike na sababu pembeni.